Abiria wa Singida na dumu la mafuta



Ukimuuliza mtu wa Singida mwenye tiketi ya ndege kwamba anaondoka saa ngapi, atakutajia saa ya basi. Wala hakosei. Safari yake ya angani huanzia stendi ya Misuna, alfajiri, katikati ya wapiga debe na wauza mayai ya kuchemsha. Kilomita zipatazo 240 baadaye ndipo anaposhuka Dodoma na kutafuta bodaboda ya kumfikisha kwenye ndege. Kama ndege ni ya saa saba mchana, basi la saa kumi na mbili litamwahisha, ingawa moyo utamdunda kila dereva anaposimama abiria wachimbe dawa. Kama ndege ni ya asubuhi, hana budi kulala Dodoma, na bei ya gesti aijumlishe na bei ya tiketi.

Si kwamba Singida haina kiwanja cha ndege. Kipo. Lakini ni cha changarawe, na kwa miaka mingi wageni wake wamekuwa ndege ndogo za kukodi: leo kiongozi, kesho daktari, keshokutwa mmisionari. Ndege ya ratiba, ile ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa vitunguu anaweza kukata tiketi akaipanda, ndiyo inayokosekana. Wenyeji huiona ndege juu ikipita kwenda Mwanza, wakaendelea na shughuli zao.

Sababu zake zinaeleweka, na si zote ni za uzembe. Mji wa Singida uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu kabla ya kunyanyuka. Changarawe nayo hurushwa na magurudumu ikapiga mapanga ya injini, na mvua ikinyesha njia hulainika. Halafu kuna ule upepo wa Singida, ambao aliyewahi kuanika nguo kule hahitaji kuelezwa. Shirika la ndege lenye injini za mabilioni haliwezi kulaumiwa kwa kutaka lami kwanza.

Lami yenyewe imezungumzwa sana. Katika miaka ya 2010 Singida iliwekwa katika kundi la viwanja 11 vya mikoani vilivyofanyiwa upembuzi yakinifu na usanifu, pamoja na Iringa, Musoma, Songea, Njombe, Lindi, Tanga na vinginevyo. Wenzake kadhaa wa kundi hilo wameshaonja matunda. Songea, kwa mfano, kiwanja kilipanuliwa na ndege za ATCL zikarudi mwaka 2021. Kwa hiyo mtu wa Singida akiuliza zamu yake lini, haulizi jambo la ajabu.

Lakini kila mazungumzo haya yanapoanza, yawe ya kikao cha mkoa au ya kijiwe cha kahawa, yanaishia kwenye mita. Njia iwe na urefu wa mita ngapi, upana wa mita ngapi, itue ndege aina gani. Mimi leo nataka kuuliza kuhusu benchi. Nataka kuuliza kuhusu choo, ubao wa matangazo na mtu wa kumwambia abiria kinachoendelea. Nawaomba mnivumilie, maana kuna jambo nililiona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kiwanja kimoja kidogo cha mkoani. Sitakitaja, na hakiko Singida. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa mama wa makamo kutoka Iramba, aliyekuwa amekesha njiani. Mwanawe wa Dar es Salaam alikuwa amelazwa, na ndugu walichanga wamkatie mama tiketi ya ndege ili awahi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mkononi alikuwa na mfuko wa nguo na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, yale ya kukamuliwa nyumbani, mazito, yenye harufu yake.

Kwenye ukaguzi kijana akamwambia, "Mama, hili haliendi."

"Shilingi ngapi, mwanangu?" mama akauliza, akidhani ni habari ya nauli ya mzigo.

"Siyo hela, mama. Mafuta hayaruhusiwi humu."

Kijana hakuwa na jeuri. Alikuwa anafuata kanuni, na kanuni ina maana yake: mafuta yakimwagika ndani ya ndege ni balaa, na vimiminika vina masharti yake dunia nzima. Ninachouliza ni kwamba mama huyu angeijua kanuni hiyo wapi? Aliyemuuzia tiketi hakumwambia. Mlangoni hapakuwa na karatasi. Kituo hicho kinahudumia watu wa mikoa inayokamua alizeti kuliko chochote kingine, na hapakuwa na maneno matano ya Kiswahili ukutani kusema kwamba dumu la mafuta halipandi. Nina hakika hakuwa wa kwanza, kwani kwenye pembe ya chumba nilihesabu madumu mengine mawili yenye vumbi.

Mama akaliweka dumu chini, akaingia ndani kusubiri. Na hapo ndipo kusubiri kulipoanza hasa.

Saa ya ndege ikafika, ikapita. Saa moja, mbili, tatu. Hakuna aliyesema neno. Mabenchi yalikuwa manne na sisi tulikuwa zaidi ya hamsini, kwa hiyo wengine walikaa juu ya mizigo, wengine wakasimama ukutani kama watoto wa shule waliochelewa. Choo kilikuwa kimoja na maji yalikuwa ya kuchota kwenye pipa. Duka la chai lilikuwa na kufuli. Wenye simu za mkononi wakawa ndio watangazaji wetu: mmoja anampigia shemeji yake Dar es Salaam, anarudi na habari kwamba ndege bado haijaruka, mwingine anasema imeharibika, wa tatu anaapa imeshafutwa. Afisa mmoja alipita mara mbili akiwa na karatasi mkononi, akitembea upesi kwa namna ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Sasa, ndege kuchelewa ni jambo la kawaida popote, hata Ulaya. Hali ya hewa, ubovu, rubani kuishiwa saa za kazi. Hayo abiria anayapokea. Asichoweza kupokea ni kuachwa gizani. Mama yule alikuwa anaenda kumwona mwanawe mgonjwa. Angeambiwa saa nne mapema kwamba ndege ni ya jioni, angepiga simu hospitali, angekula, angelala kidogo. Badala yake alikaa ameukumbatia mfuko, akiogopa hata kwenda chooni asije akaachwa.

Watetezi wa viwanja vidogo wana jibu lao. Wanasema abiria ni wachache na mapato ni madogo, sasa unataka jengo kama la Dar es Salaam? Kuhusu uchache nakubaliana nao. Mashirika yanasubiri abiria, abiria wanasubiri mashirika, na hapo mikoa mingi imenasa. Lakini ubao mweusi na chaki si jengo. Kipaza sauti cha mnadani si jengo. Na abiria hasafiri bure: ada ya kiwanja imo ndani ya tiketi yake, ameshailipa kabla hajafika, awe anapitia marumaru za Dar es Salaam au benchi la mbao la mkoani.

Tena lipo jambo zito kuliko benchi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 wakafariki. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taifa zima liliwasifu wavuvi wale, na walistahili. Lakini kila nikikumbuka sifa zile nakumbuka pia kwamba kiwanja kile kiko ukingoni mwa ziwa tangu kijengwe. Kwa kanuni za kimataifa, kiwango cha zimamoto na uokoaji kiwanjani hufuata ukubwa wa ndege zinazotua. Maana yake, siku Singida itakapopokea ndege ya abiria 70, gari la zimamoto lenye watu waliofunzwa liwe limeshafika, pamoja na kiti cha magurudumu kwa mgonjwa, maana hospitali za rufaa ndizo zinazowapandisha ndege wengi wasio na uwezo wa kuipanda kwa starehe.

Kwa sasa mtu wa Singida ana njia nyingine. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na wengi wanaoshuka kwenye basi wanaelekea stesheni. Wanarudi wakisimulia matangazo yanayosikika na viti vya kutosha. Wanaosanifu kiwanja wasidhani watu hawalinganishi.

Na kwa kuwa wengi hawajui, niseme pia kwamba lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, liko chini ya sheria, na kazi yake ni kumsemea abiria. Siku ile, kati ya sisi zaidi ya hamsini, sikusikia mtu akilitaja. Mimi mwenyewe sikulikumbuka mpaka nilipofika nyumbani.

Ndege ilikuja magharibi. Yule mama, kabla ya kutoka kwenda kuipanda, alimwendea dada aliyekuwa anafagia chumba. Dada huyo ndiye aliyempa nafasi ya kukaa, akamlindia mfuko alipokwenda chooni, na saa nane mchana akamletea kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Hakuwa mtumishi wa kiwanja wala wa shirika la ndege, alikuwa kibarua wa kampuni ya usafi.

"Chukua lile dumu, mwanangu," mama akamwambia. "Ni ya msimu huu."