Kununua Nyumba ya Wapangaji kwa Rehani

Nyinyi mlioko darasani Soni, Mlalo na Lukozi, sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na penseli na karatasi, maana leo tuna hesabu.

Neno letu la kwanza ni rehani. Liandikeni: re-ha-ni. Ni mali unayoiweka dhamana kwa aliyekukopesha. Ukikopa benki ili ununue nyumba, nyumba ile ile ndiyo rehani. Utakaa ndani yake, lakini usipolipa, benki yaweza kuiuza. Neno la pili ni kianzio, yaani fedha zako mwenyewe unazotoa kwanza.

Nyumba ya wapangaji si jambo geni kwetu. Sote twaijua nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati: mwenyewe hukaa chumba kimoja, vingine hupangisha. Huko Marekani watu hufanya vivyo hivyo kwa mkopo. Tangu mwaka 1934 serikali yao ina shirika la kudhamini mikopo ya nyumba. Leo mkopaji mwenye sifa nzuri ya kulipa madeni aweza kununua nyumba ya hadi sehemu nne kwa kianzio cha tatu na nusu katika kila mia, mradi sehemu moja akae mwenyewe. Akishindwa kulipa, shirika hubeba hasara ya benki. Dhamana hiyo si ya bure; mkopaji huilipia.

Kwetu njia ilikuwa nyembamba zaidi. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya mikopo ya rehani, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Siku hizi mtu aweza kukopa kwa miaka 15 au zaidi. Kianzio mara nyingi ni kumi au ishirini katika kila mia.

Basi shikeni penseli. Tuseme mwalimu na mkewe wanataka nyumba mjini Lushoto yenye sehemu nne, kila sehemu na mlango wake. Bei ni shilingi 40,000,000. Kianzio ni 4,000,000, deni ni 36,000,000. Riba ikiwa 15 katika mia kwa mwaka, kwa miaka 15, watalipa kama shilingi 504,000 kila mwezi. Zidisheni kwa miezi 180: ni zaidi ya milioni 90! Rudieni hesabu kama hamniamini.

Sasa kodi. Wao wakae sehemu moja, tatu wapangishe kwa 80,000 kila moja. Hiyo ni 240,000. Kwa hiyo 264,000 zitatoka mfukoni kila mwezi, kabla ya kununua bati moja la kuziba paa linalovuja. Na mpangaji naye ni mtu. Akiwa mtumishi hupewa uhamisho, na mlango ukabaki mtupu. Benki haiulizi kama mlango ni mtupu. Kianzio kidogo hukufungulia mlango mapema, lakini hukuachia deni kubwa zaidi. Mimi ningengoja mwaka mmoja au miwili nipate milioni 8. Hapo malipo yangeshuka hadi kama 448,000.

Lipo na jambo la hati. Nyumba nyingi za vijijini milimani zimesimama juu ya ardhi ya ukoo, isiyo na hati, na benki husita kuzipokea. Kagueni hati kwanza, kisha kuta, kisha mahali maji ya masika yanapopita.

Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume na mke. Mama, ukiletewa karatasi, usitie dole gumba kwa sababu tu bwana amekwisha tia saini. Nimeona watu wazima wakitia saini kurasa nyingi kwa dakika chache, wakiona haya kusema hawajazisoma. Chukueni karatasi hizo nyumbani. Ombeni msomewe mara mbili.

Zoezi la wiki hii: katika nyumba ile ya kianzio cha milioni 4, sehemu moja imekosa mpangaji kwa miezi minne. Mwalimu na mkewe watatoa mfukoni jumla ya shilingi ngapi katika miezi hiyo?