Chombo cha Kwanza Ukubwani

Umevuka hamsini, umechoka kugombania daladala, sasa wataka chombo chako. Kheri. Ila usianze na pikipiki kubwa ya mwanao. Chombo unachokitaka kikalie kwanza dukani: nyayo zote mbili zikanyage chini, magoti yamekunjika kidogo. Kwa Mji Mkongwe, vespa ya cc 110 isiyo na klachi ya mkono yatosha kabisa. Mtu wa vijijini, kama Paje au Makunduchi, atafaidi zaidi magurudumu makubwa ya pikipiki ya cc 125.

Helmeti ibane mashavu, ukitikisa kichwa isicheze. Tafiti zinaonesha hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69, lakini mkanda ufungwe. Ya mtumba iache, huenda ilishaanguka. Viatu viwe vya kufunika, si kandambili.

Wenye kanzu na mabaibui, nasema nanyi hasa: pindo likinaswa na mnyororo, breki haikuokoi. Vaa suruali ndani, pindo ulikunje, ulikalie.

Na hata mjukuu akikulilia, usimpakie mpaka leseni iwe mkononi na mikono imezoea.