Kuisha Maumivu Si Kupona
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Mwanza)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya michezo na afya. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Lakini asubuhi, vijana walipotufunga sisi wazee mabao manne kwa moja, nilimwona mlinda mlango wao akidaka huku ameubana mkono wa kulia ubavuni. Nilipomwuliza akajibu, "Si kitu, mzee. Nilipasuliwa bega likizo iliyopita, sasa haliumi." Simtaji jina. Ila nasema naye, na wengine msikie.

Mwaka 1997 nami nilikuwa mlinda mlango. Bega langu lilikuwa limekwisha kuteguka mara tatu, mara ya mwisho nikivuta nyavu na baba kule Igombe. Nikapasuliwa. Bega, ndugu zangu, lina kichwa kikubwa cha mfupa na kikombe kidogo kisicho na kina. Kinachozuia kichwa kisitoke ni ukingo wa gegedu, kano na misuli. Bega likitoka, mara nyingi ukingo ule hung'oka, na daktari huushona tena mfupani. Lakini uzi hushika tu. Mwili wenyewe ndio unaounga, nao huhitaji miezi.

Juma la 9 maumivu yalikwisha. Wahenga walisema mganga hajigangi; mimi nilijiganga. Bila kumwuliza daktari nikaenda kusimama golini uwanja wa Nyamagana. Nilirukia mpira mmoja tu, nikasikia kitu kimekatika ndani. Nikapasuliwa mara ya pili, na baba akavuta nyavu bila mimi mwaka mzima. Mpaka leo mkono huu haufiki kisogoni.

Mara ya pili nilitii. Majuma 6 ya kwanza mkono ulikaa katika kitambaa shingoni. Nilichezesha vidole, kifundo na kiwiko tu. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya tiba akaanza kuuinua polepole. Kutia nguvu kwa mpira wa kuvuta na vizito vidogo kulianza mwezi wa 3 au wa 4. Mbio nilianza mapema kuliko kudaka, kwani miguu haikuwa na kosa. Michezo ya kugongana na kuanguka kwa kawaida husubiri miezi 6 au zaidi, kwa kadiri ya upasuaji wenyewe.

Hata hivyo kalenda peke yake haitoshi. Jiulize: mkono unazunguka kama mwenzake? Nguvu zinakaribia kulingana? Nikiuinua na kuupeleka nyuma, naogopa kwamba utachomoka? Ukiogopa, bado. Na jibu la mwisho ni la daktari, si la nahodha. Kuogelea nako kusubiri: kupiga mikono majini ni kazi nzito kwa bega, na kando ya ziwa letu kichocho kipo. Ukiona homa, usaha, uvimbe unaozidi au vidole kufa ganzi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Najua mtanitajia Ndugu John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti na bega, naye akamaliza wa mwisho. Tunamheshimu. Lakini kumbukeni pia kwamba mwaka 1970, mwili ukiwa umepona, alikimbia marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akawa wa 5. Ushujaa wa siku moja ni mzuri. Kupona ndiko kulikomrudisha mbioni.

Walimu wa michezo, kijana akisema haumwi, msiishie hapo. Mwulizeni daktari wake amesemaje. Na mwahidini kwamba nafasi yake katika timu haitapotea, maana hofu hiyo ndiyo inayowafanya wafiche. Mimi niliificha.

Nawe kijana wangu, vijana wa umri wako ndio ambao bega huwarudia kutoka zaidi. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe. Njoo, tutafute siku twende pamoja kwa daktari wako. Golini nitamwomba mwenzako asimame kwa muda.