Mchezaji wa Sinema Mwenye Sura Nyingi



Atazamaye sinema huuliza kwanza jina la mchezaji mkuu, yule ashindaye vita na kumwoa msichana. Yule asimamaye nyuma na mkuki hakuna amwulizaye. Nataka kuwaeleza habari za mmoja wa hao wa nyuma, Bwana Noble Johnson, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa Missouri mwaka 1881 na kulelewa Colorado Springs. Baba yake alikuwa mfunza farasi, na mwana aliacha shule angali kijana akaifuata kazi hiyo.

Kampuni ya Lubin ilipofika Colorado kupiga picha, mchezaji mmoja aliumia. Wakatafuta mtu hodari wa farasi, wakampata Johnson, wakamvika mavazi ya Mhindi Mwekundu. Zamani hizo sinema hazikuwa na sauti, wala rangi ila nyeusi na nyeupe. Basi lafudhi ya mchezaji haikusikiwa, na poda na mwanga wa taa viliweza kumfanya mtu kuwa wa taifa lolote. Johnson alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana. Mwaka 1922 alikuwa Friday, mtumishi wa Robinson Crusoe. Mwaka 1924, katika The Thief of Bagdad, alikuwa mwana wa mfalme wa Kihindi. Na mwaka huo huo, katika The Navigator, picha ya kuchekesha ya Buster Keaton, akawa mkuu wa watu walao watu!

Lakini kabla ya hayo alikuwa amejaribu jambo kubwa zaidi. Katika sinema nyingi za siku zile mtu mweusi alionyeshwa kuwa mjinga au mwovu, na mara nyingi aliyemwigiza alikuwa mzungu aliyepakwa masizi usoni. Mwaka 1916 Johnson na wenzake walianzisha kampuni yao wenyewe, Lincoln. Ndugu yake George, mfanyakazi wa posta mjini Omaha, akawa msambazaji wa picha. Picha ya kwanza ilikuwa ya kijana mweusi aliyesomea uhandisi, akanyimwa kazi penye visima vya mafuta kwa sababu ya rangi yake, kisha akaipata kwa ushujaa wake, na mwisho akagundua mafuta katika shamba la baba yake. Kijana huyo ndiye Johnson mwenyewe. Watu weusi waliitazama makanisani, shuleni na katika majumba yao ya sinema.

Mshahara aliupata kwa kampuni kubwa ya Universal, na fedha hizo ndizo zilizoisaidia Lincoln. Universal haikupendezwa kumwona akishindana nayo, ikamtaka achague. Mwaka 1918 alijiuzulu katika Lincoln. Wako waliomlaumu, mimi simlaumu, maana Lincoln haikuweza kumlisha. Kampuni ilitoa picha yake ya mwisho mwaka 1921.

Johnson aliendelea hata sinema zilipopata sauti, na mwaka 1933 alikuwa mkuu wa kisiwa katika King Kong. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1950, akafariki Januari 1978, mwenye umri wa miaka 96. Zile picha za Lincoln alizokuwa yeye mchezaji mkuu zimepotea zote. Zinazotazamwa hata leo ni zile alizosimama nyuma ya wengine.