Punje Zilizoanguka Nyuma ya Mashine



Neno letu la leo limo katika Injili ya Luka, sura ya 15, mstari wa 1 hadi wa 7. Ukiwa na Biblia karibu, ifungue. Na kama huna, sikiliza tu, maana habari yenyewe waijua. Ni habari ya mtu aliyekuwa na kondoo mia, akapotewa na mmoja. Lakini kabla hatujamfikia mchungaji huyo, twende kwanza katika mashamba ya ngano ya Ujerumani, tujifunze jambo huko.

Katika nchi hiyo wako watu wenye burudani ya namna yake. Ufikapo mwezi wa Julai, shayiri na ngano zikiwa zimeiva, huchukua kamera zao na kwenda mashambani kuzitafuta mashine kubwa za kuvunia. Wengi wao hawana shamba wala mashine. Wanapenda tu kuziona zikifanya kazi na kuzipiga picha. Aliye na adabu humwomba mwenye shamba ruhusa, husimama kando mahali dereva anapoweza kumwona, wala haegeshi gari lake juu ya mabua makavu, kwa kuwa joto la chini ya gari laweza kuliwasha shamba zima. Kisha hungoja. Hungoja jua literemke ili vumbi ling'ae kama dhahabu. Wengine hungoja hata usiku, wapate picha ya taa za mashine gizani, maana wakulima huvuna mpaka umande uyaloweshe mabua.

Ninyi mnaotusikiliza kutoka Narok na Uasin Gishu mnaijua mashine hii. Mwaiita kombaini. Ni mashine moja inayofanya kazi tatu: hukata ngano, huipura, na kuipepeta, ikienda mbele pasipo kusimama. Kazi ambayo zamani ilihitaji watu wengi wenye miundu na fimbo za kupuria, kwa majuma mengi, sasa hufanywa na dereva mmoja aliyeketi juu ndani ya kioo.

Huko Ujerumani, kiwanda cha Claas cha mji wa Harsewinkel kilitoa kombaini yake ya kwanza mwaka 1936, nayo ilikokotwa na trekta. Mwaka 2019 kiwanda hicho hicho kilitoa mashine yenye injini ya nguvu za farasi 790. Kisu chake chaweza kuwa na upana wa karibu mita 14, na tangi lake hubeba lita 18,000 za nafaka. Ukiijaza ngano tangi hilo, ni zaidi ya magunia 150 ya kilo 90.

Mashamba yanayopendwa sana na wapiga picha yako mashariki mwa nchi, kule Mecklenburg na katika tambarare ya udongo mweusi karibu na Magdeburg. Kuanzia mwaka 1952, chini ya serikali ya Kikomunisti, mashamba madogo ya huko yaliunganishwa yakawa ya ushirika. Ujerumani iliungana tena mwaka 1990, lakini mashamba mengi ya sehemu hizo yamebaki makubwa. Hapo utaziona kombaini tatu au nne zikifuatana kwa mshazari, na matrekta yakikimbia ubavuni kupokea nafaka. Ni mambo ya kutazamwa kweli, wala sioni ubaya kumtazama mtu akivuna alichopanda. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wainue macho wayatazame mashamba yaliyokuwa tayari kwa mavuno.

Sasa, wapenzi, angalieni jambo hili. Picha nyingi za mashine hizo hupigwa kutoka mbele, au kutoka ubavuni. Huko mbele ndiko kwenye uzuri: kile kisu kipana, rangi inayong'aa, taa, na ngano ikiinama. Nyuma kuna nini? Kuna vumbi, majani makavu na makapi. Ni nani atakayetundika ukutani picha ya makapi?

Lakini yuko mtu anayekwenda huko nyuma. Ni mkulima mwenyewe. Naye huenda amebeba sinia.

Sinia hilo huwekwa chini mashine inapopita, lipokee yale yanayotupwa nje nyuma. Kisha mkulima huliinua, huyapuliza makapi, na kuanza kuhesabu punje. Siku hizi ndani ya mashine kuna vyombo vya umeme vya kumwonyesha dereva nafaka inayopotea, lakini mkulima mwenye busara hashibi na habari za vyombo. Hupiga magoti mavumbini akahesabu kwa vidole. Maana shamba lililovunwa, ukilitazama kutoka barabarani, hupendeza daima. Hasara yake hujulikana kwa yule aliyeinama.

Je, hupotea kiasi gani? Wakulima huhesabu kwamba hasara ya asilimia 1 hivi ni jambo la kawaida. Hiyo yaonekana kuwa kidogo. Lakini shamba likizaa tani 8 kwa hekta moja, asilimia 1 ni kilo 80, karibu gunia zima, zimelala chini katika kila hekta. Ni kama punje 160 katika kila mita moja ya mraba. Wala hasara hiyo haifichiki siku nyingi. Mvua ikinyesha, punje zilizoanguka huota, na shamba hugeuka kijani. Mahali mashine ilipopoteza zaidi, majani huota kwa mistari, na jirani yeyote apitaye barabarani huyaona. Dereva alinyamaza, lakini mvua imesema.

Na hasara hiyo hutoka wapi? Wakulima watakutajia sababu tatu. Ya kwanza ni mwendo. Dereva akiona wingu la mvua huongeza mwendo, mashine hulemewa na majani mengi, nayo huzitupa punje pamoja na mabua. Ya pili ni upepo wa feni. Ukiwa mkali mno, hupeperusha makapi na ngano pamoja. Ya tatu ni kupura kwa ulegevu. Suke hupita ndani ya mashine yote na kutoka upande wa pili, punje zingali zimeshikwa ndani yake.

Ndugu na dada, je, hamlioni kanisa hapo?

Sisi nasi tuna mashine zetu. Tuna mikutano ya Injili yenye hema, vipaza sauti na kwaya tano. Tuna sikukuu ya mavuno, kama vile Wakristo wa Ujerumani walivyo na yao mwanzoni mwa Oktoba, wanapoipamba madhabahu kwa nafaka na matunda. Tunapiga picha tukiwa jukwaani, tukiuelekea umati, na kusema, "Mwaka huu watu wengi wameokoka." Tunamshukuru Mungu, na ni haki kumshukuru. Lakini ni nani aliyekwenda nyuma na sinia?

Wako walioanguka kwa sababu ya haraka yetu. Waliinua mkono siku ya mkutano, tukaandika majina yao, na Jumatatu tukaenda mji mwingine. Hakuna aliyewatembelea, wala aliyewafundisha kuomba. Tuliwahesabu, lakini hatukuwaweka ghalani.

Wako waliopeperushwa na ukali wetu. Msichana alianguka katika dhambi, wazee wakamwita, wakamsomea makosa yake, wakamtenga. Walitaka kuyaondoa makapi. Lakini tangu siku hiyo ni nani aliyebisha hodi mlangoni kwake, amwulize, "Mwanangu, unaendeleaje?" Makapi yalitoka, na ngano ikatoka nayo.

Na wako waliopita katikati yetu bila kufunguliwa. Walibatizwa wangali wachanga, wakaimba katika shule ya Jumapili, wakathibitishwa, wakatoa sadaka. Kisha kijana akaenda Nairobi au Mombasa kutafuta kazi, na imani ikawa kitu alichokiacha nyumbani pamoja na sare ya shule. Hatukumpura kwa Neno hata moyo wake mwenyewe ukamjua Kristo.

Labda utasema, "Lakini, mhubiri, huwezi kuwapata wote. Ukipata tisini na tisa katika mia, umefanya vyema." Kwa mkulima nakubaliana nawe. Akienda polepole mno kwa ajili ya punje chache, mvua itamkuta na shamba lingali limesimama, apoteze kingi kuliko alichookoa. Tisini na tisa kwa mia ni mavuno mazuri. Mkulima huyo hana kosa lolote.

Lakini mtu si punje. Hapo ndipo hesabu ya Mungu inapoachana na hesabu ya ghala. Katika Luka 15, Bwana Yesu anatuonyesha mtu mwenye hasara ya asilimia 1 kamili: kondoo mmoja katika mia. Mkulima angesema ni ya kawaida. Mchungaji huyu hasemi hivyo. Anawaacha wale tisini na tisa nyikani, anamfuata aliyepotea mpaka amwone, anambeba mabegani, na kuwaita majirani wafurahi pamoja naye. Kumbukeni ni nani walioambiwa habari hiyo. Ni Mafarisayo na waandishi, watu waliopendezwa na kundi lililo mbele yao, wakanung'unika walipomwona Bwana akila na wale waliobaki nyuma.

Mkumbukeni Ruthu pia. Alikuwa Mmoabi, mgeni, mjane, naye alifuata nyuma ya wavunaji akiokota masalio. Boazi alimwona huko nyuma. Aliwaagiza vijana wake wasimkemee, bali wamwachie masuke kwa makusudi. Ruthu akawa mama mzaa babu yake Daudi, na katika ukoo huo alizaliwa Mwokozi wetu. Kama Boazi angaliwatazama wavunaji walioko mbele tu, asingalimwona.

Basi, mpenzi msikilizaji, juma hili fanya jambo moja dogo. Ukiwa mzee wa kanisa, au kiongozi wa chama cha akina mama, au wa vijana, lichukue daftari la washirika. Usianze na waliokuja Jumapili iliyopita. Tafuta jina moja ambalo halijatajwa siku nyingi. Jina moja tu. Nenda nyumbani kwake; na kama yuko mbali, mpigie simu. Usiende na karipio, wala usimwulize kwanza habari za sadaka. Mwambie, "Tumekukosa." Hakuna atakayekupiga picha ukifanya kazi hiyo. Lakini mbinguni kuna furaha kwa ajili ya mmoja.

Na kama wewe unayesikiliza ndiwe uliyeanguka, ukalisikia kanisa likipita juu yako kwa ngurumo na kwenda zake, usifikiri kwamba Mungu amekuweka katika hesabu ya hasara. Yuko ajaye nyuma, ameinama, anatafuta. Mikono yake ina alama za misumari. Mwitikie.

Na tuombe.

Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, twakushukuru kwa mavuno uliyotupa. Utusamehe kwa wale tuliowapita kwa haraka, na wale tuliowatupa kwa ukali, na wale tuliowaacha bila kuwafundisha. Utupe magoti ya kuinama na macho ya kuwaona. Na huyu anayesikia sasa akiwa peke yake, umwinue, umrudishe nyumbani. Katika jina lako takatifu. Amina.