Adhabu ikiwa nyepesi kupita kiasi, mlango uko wapi?

Nimeombwa niweke hapa niliyoyasema kwenye kikao chetu cha Kitengela. Uzi si mrefu. Soma mpaka mwisho ndio ujibu.

1. Ndugu zangu, kina mama kwa kina baba. Kila msimu wa siasa kuna anayepanda jukwaani: "Mume amempiga mkewe mpaka kalazwa, hakimu kampa kifungo cha nje! Mahakama imeoza!" Makofi, halafu gari linaondoka. Na yule mama? Jioni yuko nyumba moja na aliyempiga. Leo tuache kelele, tuulize njia ni ipi.

2. Kwanza kipimo. Kanuni ya Adhabu, kifungu 251, kumshambulia mtu na kumuumiza: kikomo miaka 5. Kifungu 234, madhara makubwa: kikomo ni maisha. Hicho ni kikomo tu, hakimu hupima. Kifungo cha nje peke yake si ushahidi wa hongo.

3. Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa. Upande wa mashtaka nao? Kifungu 348A cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma rufaa mtu akiachiliwa huru au mashtaka yakitupwa. Adhabu nyepesi hakiitaji. Hapo ndipo shida ilipo.

4. Lakini kuna mlango mwingine: mapitio, vifungu 362 na 364. Mahakama Kuu, kwetu ni ile ya Kajiado, inaweza kuitisha faili la hakimu na hata kuongeza adhabu. Masharti: mshtakiwa asikizwe kwanza, na adhabu isizidi ile ambayo hakimu mwenyewe angeweza kutoa. Na jaji haongezi eti kwa kuwa yeye angekuwa mkali zaidi. Lazima aone hakimu alikosea kanuni, aliacha jambo muhimu, au adhabu ni nyepesi waziwazi.

5. Sasa, hilo jambo muhimu litaonekana vipi kama halimo kwenye faili? Fomu ya P3 ijazwe sawasawa. Mama aombe kiongozi wa mashtaka taarifa yake isomwe kabla ya adhabu, aseme amepigwa mara ngapi na sasa anaishi vipi. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 inamtambua. Na wazee wetu, heshima yenu iko, lakini upatanisho wa kifungu 176 ni wa makosa madogo. Madhara makubwa hayamalizwi kwa mbuzi.

6. Mmoja aliniuliza, "Mkimfunga, karo atalipa nani?" Swali la haki. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inaruhusu kuomba amri ya ulinzi: mpigaji anaweza kuamriwa atoke nyumbani, na matunzo yaendelee. Si lazima mtu achague kati ya kipigo na karo.

7. Uingereza, kwa makosa fulani mazito, mwananchi yeyote anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu adhabu iangaliwe upya. Sisi tunataka nini? Mgombea akija stendi kulaani mahakimu, muulize kwa upole: "Mheshimiwa, 348A utaigusa?" Hakimu hatungi sheria. Bunge ndilo linalotunga.