Gari Zuri, Spea Iko Wapi?



Shemeji yangu amestaafu, na kiinua mgongo chake anataka kukinunulia gari la kifahari la Korea. Aliponiomba ushauri nikampeleka Gerezani, Kariakoo, tukawasikilize madereva.

Hawakulikashifu gari. Wanakubali kwamba Hyundai ya Pony ya mwaka 1975 siyo ile iliyoanzisha Genesis mwaka 2015 ili ishindane na Mercedes-Benz na Lexus. Lakini dereva mmoja aliuliza: "Mzee, taa ikivunjika leo, utaipata duka gani?"

Hapo ndipo sifa ya gari inapopimwa. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Magari yao yaliyotumika huja na usukani kulia, na spea zake zimejaa Kariakoo. Wakorea huendesha kulia, na usukani wa magari ya kwao uko kushoto. Ndiyo maana kwetu ni machache, spea zake ni ghali, na fundi wake anatafutwa kwa tochi.

Shemeji bado anawaza. Nami nasema: kabla ya kuuliza bei ya gari, uliza bei ya taa yake. Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili.